Picha ya Mauwa Chini ya Mchirizi

Jumamosi, 17 Machi 1973

Mvua! Ile yenyewe, si manyunyu ya wiki iliyopita. Mchana Temeke nzima iligeuka giza, upepo ukapita, halafu ikamwagika.

Nilikuwa studio nakata picha za vitambulisho. Nikasikia watoto wanapiga kelele nje. Kuchungulia — wamejipanga chini ya mchirizi wa paa la kina Mwanakombo, wanagombea maji. Uchi wote, kama walivyozaliwa. Nguo wamezitundika ukumbini zisilowe, wasije wakachapwa. Wana akili hao!

Nikachukua kamera, nikaifunika kwa kanga, nikatoka mbio. Katikati alikuwa Mauwa, bintiye Mwanakombo. Kichwa kakirudisha nyuma, macho kafumba, mdomo wazi, pengo lote nje, maji yanamwingia kinywani na kumfurikia tumboni. Nikabonyeza. Mara moja tu — filamu ikaisha.

Mume wangu Romani karudi kutoka kazini bandarini kanikuta nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu. Kauliza kulikoni. Nikamwambia nimempata Mauwa. "Kwani alipotea?" Nikazidi kucheka.

Jumatatu, 19 Machi

Nimesafisha ile filamu. Jamani! Tangu Sista wa misheni aliponishikisha kamera kule Ndanda, nikiwa msichana wa kumbebea mizigo yake tu, sijapata picha kama hii. Matone yanaonekana moja moja. Watu ninaowapiga kila siku wanakakamaa, mikono magotini, macho yametoka kama wamekuja kusomewa hukumu. Huyu hakujua kama nipo. Alikuwa anakunywa mvua yake.

Nilimpelekea Mwanakombo. Shoga yangu kacheka mpaka kakaa sakafuni. Mwanangu hana haya huyu, ona kitumbo, ona pengo! Kaita na majirani waje waone. Yeye mwenyewe ndiye kaniambia niiweke kwenye kioo cha studio, barabarani, watu wamjue Mauwa ni nani.

Romani kasita. Kasema mtoto yuko uchi. Nikamjibu, mtoto wa miaka mitano uchi wake ni nini, mtaa mzima wanashinda hivyohivyo. Kasema wanashinda uani, Demetria, si kwenye kioo.

Nimeiweka.

Alhamisi, 22 Machi

Watu wanasimama. Wanafunzi, wachuuzi, hata dereva mmoja kasimamisha gari. Wote wanatoka wanatabasamu.

Leo kaja yule mwalimu Mzungu ninayemsafishiaga filamu zake. Kasimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma. Kaomba nakala ampelekee mama yake kwao. Nikamwambia asubiri, yule ni mtoto wa watu. Nikaenda mpaka bombani, Mwanakombo alikuwa anakinga maji na wenzie. Nikamwuliza mbele yao wote.

"Mpe!" kasema. "Mwanangu apande ndege kabla ya mamake."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Basi nikampa Mzungu nakala yake.

Jumapili, 25 Machi

Misa, chakula, usingizi. Mvua tena. Mauwa kaja kujitazama kwenye kioo. Kasema yule mtoto anafanana naye!

Jumatano, 28 Machi

Kuna mtoto kapotea Yombo. Mvulana, hapa kwetu hakuna anayemjua. Katumwa dukani hakurudi. Mtaa mzima leo ni habari hiyo tu. Wanasema mumiani wamerudi mjini, wanakamata watoto, wanawakamua damu, damu inauzwa kwa Wazungu wakatengenezee dawa.

Kule Masasi tulitishwa hivyohivyo tulipokuwa wadogo — ukichelewa kisimani mumiani atakubeba. Nilidhani nimeyaacha huko. Hapa ni Dasalama, watu wana redio!

Maskini mama wa yule mtoto.

Ijumaa, 30 Machi

Ajabu. Akina mama wawili walipanga kuleta watoto wapigwe picha za nguo mpya kabla ya Maulidi. Hawakuja, hawakutuma mtu.

Na jambo jingine. Natoka sokoni, mama mmoja ananijia kamshika mtoto mkono. Kuniona tu kavuta kanga, kamfunika mtoto uso mzima. Nikamwamkia, akaongeza mwendo. Nilidhani anamkinga jua. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka: jua halikuwepo.

Jumapili, 1 Aprili

Siku zote nikitoka kanisani watoto wananikimbilia — Mama Picha, Mama Picha, tupige! Leo waliponiona walitawanyika kama vifaranga wameona mwewe. Mmoja akapiga ukelele: mumiani huyo!

Mie nikadhani mchezo. Mungu wangu, nilidhani mchezo! Nikatoa macho, nikanyanyua vidole kama makucha, nikawafukuza huku nanguruma, na gauni langu la kanisani. Walilia kilio cha kweli. Mmoja kajikojolea.

Nikasimama. Nikainua macho. Mama zao walikuwa milangoni, kila mmoja kwake. Hakuna aliyecheka. Hata mmoja.



Jumatatu, 2 Aprili

Mwanakombo kaja. Hakuingia — kasimama mlangoni, mguu mmoja nje. Yeye aliyezoea kuingia hadi jikoni na kufunua sufuria zangu!

Kanieleza yanayosemwa. Kwamba mumiani hawakamati ovyo. Kwanza mtu wao anapiga picha za watoto, anazipeleka kwa Mzungu, Mzungu anachagua mwenye damu nzuri. Kwamba mtu wao wa Temeke ni mwanamke. Kwamba Mzungu kaonekana kwa macho ya watu akitazama picha ya Mauwa, na kaondoka nayo.

"Mie siamini upuuzi huo, shoga," kasema. "Lakini itoe pale."

Nimeitoa. Mahali ilipokuwa pamebaki peupe, kote kumegeuka manjano kwa jua. Pengo lile watu wanalitazama kuliko walivyoitazama picha.

Alhamisi, 5 Aprili

Kioo kimevunjwa. Mchana, watu wanapita, jiwe likaja tu. Nikatoka nje nikauliza nani. Barabara nzima hakuna aliyeona!

Mzee Jabiri, balozi wetu wa nyumba kumi, kaja na bakora yake. Kaokota vipande pamoja nami, mzee wa watu. Kanishauri nifunge studio kwa muda. Nikamwambia shikamoo yangu naitoa kila siku, Mzee, nimekosa nini? Kasema, binti yangu, uvumi hauna mwenyewe, ungekuwa na mwenyewe ningemwita barazani.

Halafu kanipa habari njema. Yule mtoto wa Yombo kaonekana! Alikwenda kwa babu yake Chamazi kwa miguu, kaogopa kurudi kwa sababu hela ya dukani ilimpotea. Mzima, kanenepa na mihogo ya babu. Nikapiga vigelegele pale pale. Nikajua yamekwisha.

Jioni Romani kaja na maneno ya kwenye foleni ya unga. Watu wanasema mtoto karudishwa — damu yake haikufaa.



Jumamosi, 7 Aprili

Lazima niandike yote, kama yalivyokuwa, la sivyo kichwa kitapasuka.

Mauwa anaumwa. Homa tangu juzi, anatapika, anaweweseka. Mie sikuambiwa. Nyumba ya pili tu na sikuambiwa! Alasiri nilikuwa nafua, wakaingia uani bila hodi. Mbele Fakihi, mumewe Mwanakombo — karudi jana na lori lake kutoka njia ya Zambia. Nyuma yake mama yake, Bi Tatu. Nyuma kabisa Mwanakombo, macho chini. Na watu wamejaa ukutani.

Fakihi mtu mpole siku zote. Leo midomo ilikuwa inamcheza. Kasema: shemeji, mie sitaki ugomvi, nataka picha zote za mwanangu na ile nyeusi yake unayotolea picha. Mtoto anakwisha. Kasema kila nakala inayotoka, mtoto anapungua.

Nikamwambia mtoto ana malaria, mpelekeni hospitali sasa hivi, Romani atawatafutia gari. Ndipo Bi Tatu alipopasua sauti.

"Mgumba wewe! Uchungu wa kuzaa huujui, unakusanya watoto wa wenzio kwenye makaratasi!"

Mbele ya watu wote. Mie na Romani tuna miaka saba ya ndoa. Bi Tatu ndiye aliyekuwa ananichemshia mizizi. Ndiye aliyeniambia mwanangu usikate tamaa. Huyohuyo! Nilisikia kama kofi, masikio yakaziba, nikawa naona midomo inakwenda tu.

Nikajikaza. Nikasema, Fakihi, sikuiba kitu. Mwulize mkeo. Nilimwuliza bombani kabla sijampa Mzungu, akasema mpe.

Fakihi kageuka. Mwanakombo alikuwa anazungusha pindo la kanga kidoleni.

Kasema, "Mie sijui habari za Mzungu."

Nilimtazama. Nikangoja anitazame. Hakuinua macho.

Jumapili, 8 Aprili

Sikwenda misa.

Baraza kwa Mzee Jabiri, wazee wa mtaa, Fakihi, mama yake, mie na Romani. Mzee kasema hapa hatutafuti mkweli, tunatafuta amani. Romani kaninong'oneza niwape, ni kipande cha plastiki tu. Kipande cha plastiki! Nikatoa. Picha ya kwenye kioo na ile nyeusi yake.

Nikasema nina sharti moja: mtoto apelekwe hospitali leo hii. Mzee Jabiri kaamuru, Fakihi kakubali.

Mzee kasema vichomwe, kanipa kiberiti nichome mwenyewe. Karatasi iliwaka polepole, ile nyeusi ikajikunja kama jongoo, ikanuka. Nilimwona Mauwa ndani yake mara ya mwisho, mdogo kama kidole, mweupe palipo peusi, mweusi palipo peupe. Bi Tatu kazoa majivu, kayafunga kwenye kitambaa.

Mauwa kapelekwa Muhimbili kwenye gari la rafiki yake Romani. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumanne, 10 Aprili

Mauwa hajambo! Malaria, kama nilivyosema. Wamemchoma sindano, homa imeshuka, kanywa uji. Bi Tatu anawaambia watu ni yale majivu. Na aseme. Nililia kwa furaha nikiwa nimejifungia ndani. Sasa hata furaha najificha nayo.

Jumamosi, 14 Aprili

Nimetoka. Nimetoka jana jioni kwa dhamana ya Romani na Mzee Jabiri. Nimeoga mara tatu.

Walikuja Alhamisi asubuhi, polisi wawili na katibu wa tawi. Sajenti kasema kuna taarifa. Wakaingia hadi chumba cha giza, wakafungua mlango, wakawasha tochi — karatasi zangu zote zikaharibika! Nikapiga kelele, wakadhani naficha kitu. Wakakomba kila picha yenye mtoto: ubatizo, komunyo, jando, Idi, mapacha wa yule fundi cherehani, mtoto marehemu wa mama mmoja wa Keko aliyeniomba nimpige kabla hajazikwa. Wakazipanga mezani, safu kwa safu. Sajenti anashika moja moja. Huyu nani? Na huyu? Kwa nini watoto wengi namna hii?

"Kwa sababu wazazi wao wanawaleta, afande!"

"Wewe una watoto wangapi?"

Hakungoja jibu. Kaandika kitu.

Kisha kaitaka ile nyeusi ya picha ya Mauwa. Nikamwambia tumeichoma, mbele ya balozi na wazee. Akamtazama katibu, katibu akamtazama yeye. Kasema nimechoma kidhibiti. Kasema mtu asiye na kosa hachomi. Nilitaka kucheka! Wale waliniambia nisipochoma ni mchawi, hawa wananiambia nimechoma kwa hiyo ni mhalifu. Ningeificha je? Ningeitoa je? Hakuna upande ambao ningesimama nikawa mtu mwema.

Kituoni kulikuwa na Inspekta, kijana, nguo zimenyooshwa, ana adabu. Kaniita dada. Kasema kuna mambo mawili. La kwanza, sheria inakataza kutengeneza na kuuza picha chafu, na picha ya mtoto wa kike akiwa uchi, ikawekwa barabarani, ikauzwa, ni picha chafu. Nikamwambia alikuwa anaoga mvua. Kasema sheria haiulizi mvua.

La pili ndilo lililonimaliza. Kwa nini nimempa mgeni picha ya mtoto wa Kitanzania akinywa maji ya paa? Taifa linahangaika kuweka mabomba, mie napeleka Ulaya picha kwamba tunakinga midomo kwenye mabati? Nani kanituma? Nililipwa na nani?

"Alikuwa anacheza," nikasema.

"Nani kakutuma, dada?"

"Alikuwa anacheza!"

Tukaenda hivyo mpaka sauti ikanikauka. Nilianza kujishangaa mwenyewe. Nikawa naiona ile picha kama wanavyoiona wao. Uchi. Maji machafu. Mzungu. Nikajitahidi niuone uso wa Mauwa, nikashindwa. Wameniharibia hata hiyo iliyobaki kichwani.

Mahabusu tulikuwa wanawake wanne, wenzangu wote wa kesi za gongo. Wachangamfu, wakanipa nafasi kwenye mkeka. Wakaniuliza mwenzetu umekuja na nini? Nikawaambia, picha za watoto. Mmoja baada ya mwingine walihamia upande wa pili, wakaniachia mkeka wote peke yangu.

Jumatatu, 16 Aprili

Shtaka ni la picha chafu. Hilo la kuchoma watalifikiria. Hilo la kutumwa wanalichunguza. Tarehe ya mahakama ni tatu Mei.

Romani kaomba ruhusa kazini, kaenda Oyster Bay kumtafuta Mzungu aje aseme ukweli. Kampata. Anasema Mzungu alilengwalengwa na machozi, kamkaribisha chai. Lakini ofisi yake imemwambia akae mbali na jambo hili, la sivyo atarudishwa kwao. Picha ameshaituma kwa mama yake. Kasema mama kaipenda sana.

Baadaye Romani kapita kwa wale wanawake wa bombani, nyumba kwa nyumba, awaulize nani alimsikia Mwanakombo akisema mpe. Mmoja alikuwa ameinamia ndoo. Mwingine siku hiyo hakwenda maji. Wa tatu anasikia vibaya sikio moja.

Walicheka wote! Nilisikia kicheko chao mpaka nafika nyumbani!

Ijumaa Kuu, 20 Aprili

Kanisani. Nilikaa benchi la nyuma. Mama mmoja alimnyanyua mwanae aliyekuwa jirani yangu, kamhamishia upande wake wa pili. Taratibu, bila kukatiza Njia ya Msalaba. Midomo yake haikuacha kusali.

Jumanne, 24 Aprili

Mzee Jabiri atakuja kushuhudia kwamba yeye ndiye aliyeamuru tuchome. Nimembusu mkono. Kasema usinishukuru, binti yangu, mie ndiye niliyekupa kiberiti.

Hawezi kusema la bombani. Hakuwepo.

Alhamisi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Watu Uwanja wa Taifa, sie ndani.

Romani anataka nikimbilie Masasi kwa kaka zangu mpaka watu wasahau. Kasema ana hofu, kasema kazini wameanza kumwita mume wa mumiani, kama utani. Kwa mara ya kwanza nimemwona mume wangu akilia. Nikamwambia nikikimbia nimechoma tena kwa mkono wangu. Kasema kesi ni kesi, jela ni jela. Nikamwuliza: unaamini nilifanya kitu kibaya? Kasema hapana. Halafu kasema: lakini nilikwambia.

Tumelala mchana kila mtu kageukia ukuta wake.

Jumatatu, 30 Aprili

Mwanakombo kaletewa wito. Ni shahidi wa serikali. Nimeambiwa na Mzee Jabiri.

Nilimwona anaanika nguo. Tukatazamana juu ya kamba. Kafungua mdomo — naapa alifungua mdomo. Bi Tatu akakohoa ndani. Mwanakombo akachukua beseni akaingia.

Nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Halafu nafikiri: angesema "ndiyo, mie nilimruhusu", Fakihi angemfanya nini? Bi Tatu angemfanya nini? Yeye ndiye angekuwa amemuuza mtoto wake. Wangemnyang'anya Mauwa. Nafikiri hivyo, hasira inashuka. Nikishika ufagio inapanda tena.

Alhamisi, 3 Mei

Naandika barazani mahakamani. Nimekuja na kalamu nisije nikapiga kelele.

Kesi yetu bado haijaitwa. Romani kaenda kumpokea Mzee Jabiri kituo cha basi. Benchi ni moja kwa wote, mshtakiwa na mashahidi, unakaa unapopata. Mwanakombo kaja na Mauwa, kakaa ncha ile, mie ncha hii. Fakihi yuko safarini. Bi Tatu mguu umevimba, kabaki nyumbani.

Mauwa kapona kabisa. Kavalishwa gauni la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, na juu yake kanga. Joto hili! Anatokwa jasho puani. Amekua. Jino moja limeanza kuchungulia. Sijamwona karibu hivi tangu mwezi wa tatu, na sijui niweke wapi macho yangu. Nikimtazama, natazama mtoto wa watu. Nisipomtazama, nakwepa.

Mwendesha mashtaka katoka ofisini kwake. Kamwita Mwanakombo binti Sadallah, aingie wapitie maelezo yake kabla ya kesi. Mwanakombo kanyanyuka na mtoto. Mwendesha mashtaka kasema mtoto abaki nje. Mwanakombo kaangaza macho baraza nzima. Askari yuko getini. Kuna wanaume watatu wasiojulikana wanavuta sigara. Hakuna mwingine.

Kasimama pale muda mrefu mpaka yule bwana akamwita tena, kwa ukali.

Basi kaja mpaka hapa nilipo. Kamketisha Mauwa ubavuni mwangu. Hakunitazama.

"Niangalizie," kasema. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Niangalizie! Mie! Namsikia ndani anaongea, sauti yake kabisa, ila maneno siyapati. Ameanza, akanyamaza, ameanza tena. Yule bwana anauliza kitu. Anauliza tena.

Mauwa hasogei. Miguu haifiki chini. Kalitazama daftari langu, kanitazama mie, kisha kaanza kukunja mkono wa gauni, polepole, mpaka juu ya kiwiko, kama walivyomfundisha hospitali walipomtoa damu. Kaunyoosha mkono mbele yangu. Kafumba macho.

Kaniuliza kama itauma.